Kucheka Penye Maiti: Kwa Nini Wasomaji Hawaafikiani Kuhusu Riwaya ya Uhalifu Yenye Vichekesho

Hakuna aina ya riwaya inayowagawa wasomaji kama riwaya ya uhalifu iliyoandikwa kwa ucheshi. Mpe mtu riwaya ya kawaida ya upelelezi, naye atakuambia kama alimtambua muuaji kabla ya sura ya mwisho au hakumtambua, na maoni yake hayatapishana sana na ya wengine. Lakini mpe riwaya ambayo mpelelezi wake ni bibi kizee anayemweleza paka wake kila anachokigundua, ambayo maiti inapotea mara mbili kwa sababu waliopewa kazi ya kuilinda walikwenda kula, na ambayo mhalifu anakamatwa kwa kuwa alishindwa kuvumilia makosa ya sarufi katika barua ya vitisho iliyoandikwa na mshirika wake, na hapo utasikia mengine kabisa. Mmoja atasema hajacheka hivyo kwa muda mrefu. Wa pili atasema aliifunga katikati na hana mpango wa kuirudia. Wa tatu atasema imemkera, na wote watatu, ukiwasikiliza vizuri, watakutajia tukio lilelile kuwa ndilo sababu.

Nimezipenda riwaya hizi tangu nilipoanza kujichagulia vitabu vyangu mwenyewe, na kila ninapomaliza moja huwatafuta waliokwisha kuisoma ili nisikie wanasemaje. Kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ubishi wao si suala la ladha tupu. Riwaya ya namna hii hutoa ahadi mbili kwa wakati mmoja: kwamba lipo fumbo litakalofumbuliwa kwa haki, na kwamba msomaji atacheka. Ahadi ya kwanza inamtaka awe macho, ashuku kila mtu, apime kila neno. Ya pili inamtaka ajiachie. Maoni yenye uzito, yawe ya sifa au ya lawama, ni yale yanayoangalia namna ahadi hizi mbili zinavyosaidiana au zinavyoharibiana, na mengi yanayosemwa huangalia moja tu.

Lawama inayosikika mapema kuliko zote ni kwamba kifo si jambo la kuchekewa. Sipendi kuiona ikipuuzwa, kwa sababu mara nyingi anayeitoa ni mtu aliyezika hivi karibuni, na hakuna hoja ya kifasihi inayoweza kumwambia kwamba alichohisi hakikuwa sahihi. Hata hivyo, ukirudi kwenye kurasa zenyewe utagundua kwamba katika riwaya nzuri za aina hii kicheko hakimwangukii marehemu. Kinawaangukia walio hai: mpwa anayelia kwa sauti huku macho yakitafuta ilipo hati ya nyumba, ofisa anayejali zaidi kujaza fomu kuliko kujua nani kauawa, jirani ambaye hakuwahi kumsalimu marehemu lakini sasa anasimulia urafiki wao kwa yeyote atakayesimama kumsikiliza. Wahenga walisema kufa kufaana, na methali hiyo inabeba chemchemi zote mbili za utanzu huu, kwa maana kile kinachomfanya mtu anufaike na kifo cha mwenzake ndicho kinachozaa sababu ya kuua, na ndicho hichohicho kinachozaa kichekesho msibani.

Wapo waandishi wanaokwepa lawama hii kwa kumfanya marehemu awe mtu asiyependwa na yeyote: tajiri dhalimu, mume katili, bosi mwonevu. Msomaji anacheka bila kujilaumu kwa sababu hakuna aliyepungukiwa. Wengi husifu mbinu hii, lakini mimi naiona dhaifu. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyeumizwa na kifo, basi hakuna sababu ya kumtafuta muuaji isipokuwa udadisi, na udadisi peke yake hauwezi kubeba kurasa mia tatu. Riwaya zinazobaki akilini mwangu ni zile ambamo, katikati ya vituko vyote, yupo mhusika mmoja anayeomboleza kweli, na mwandishi haruhusu kichekesho chochote kimguse. Msomaji huenda asimtambue mara moja, lakini yeye ndiye anayeifanya riwaya isimame.

Ubishi huu si wa jana. Mwaka 1922 A. A. Milne, aliyejulikana kwa maandishi yake ya kuchekesha katika jarida la Punch na ambaye miaka minne baadaye angeupa ulimwengu dubu aitwaye Winnie-the-Pooh, alichapisha riwaya ya mauaji iitwayo The Red House Mystery. Ilipendwa sana. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwezi wa Desemba 1944, Raymond Chandler, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliichambua katika makala yake maarufu iliyotoka kwenye jarida la The Atlantic Monthly. Alikiri kwamba ni kitabu kinachopendeza, chepesi na chenye ucheshi, kisha akaanza kuorodhesha maswali ambayo polisi wa kweli wangeuliza na ambayo riwaya haikuyauliza, pamoja na jinsi uchunguzi rasmi wa kifo ulivyoendeshwa kwa namna isiyowezekana. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba kama tukio lenyewe ni la uongo, basi hata wepesi wa riwaya hauna pa kukalia, kwa kuwa hakuna kisa ambacho wepesi huo unakihusu.

Nimeisoma makala hiyo mara nyingi na bado naiona kuwa mfano bora wa maoni ya msomaji kuhusu riwaya ya aina hii, kwa sababu Chandler hakusema tu kwamba haikumfurahisha. Alionyesha ilipovunjika. Katika ahadi ya kwanza, ile ya fumbo la haki, nadhani yuko sahihi kabisa, na wale wanaojibu kwamba kitabu cha kuchekesha hakidaiwi mantiki wanakivunjia heshima kitabu chenyewe. Ucheshi haumpi mwandishi ruhusa ya kutofikiri. Kinyume chake, ulimwengu wa riwaya ukishakuwa wa ajabu, kanuni zake zinapaswa kuwa imara zaidi, kwani msomaji hawezi tena kuegemea uzoefu wa maisha yake ili ajue kipi kinawezekana. Paka wa yule bibi akiwa na tabia ya kukimbia kila anaponusa marashi katika sura ya pili, hawezi kulala kwa utulivu mapajani mwa mgeni aliyejipaka marashi katika sura ya tisa, isipokuwa kama mwandishi anataka tulione hilo na tujiulize maswali.

Lakini mahali ambapo simfuati Chandler ni pale anapouchukulia ucheshi kama vazi lililovalishwa kisa kilichokwisha kukamilika. Katika riwaya bora za utanzu huu ucheshi ni sehemu ya kiunzi, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ni jambo ambalo wasomaji wengi hulihisi bila kulitaja.

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana tatizo moja kubwa: ni lazima atuonyeshe vidokezo vyote, na ni lazima tusivione. Akivificha kabisa, tutamwita mdanganyifu. Akiviweka wazi, fumbo limekwisha. Waandishi wasiotumia ucheshi huvichanganya vidokezo na maelezo mengine, kama vile orodha ya vitu vilivyokutwa chumbani, ratiba ya treni, au maelezo marefu ya bustani. Mwandishi mcheshi ana maficho mengine yaliyo bora zaidi. Anakiweka kidokezo ndani ya kichekesho chenyewe. Msomaji anapocheka huamini kwamba sentensi hiyo imekwisha kumaliza kazi yake. Imemchekesha, basi anasonga mbele. Hajiulizi kama ilikuwa na kazi ya pili.

Chukua yule mshukiwa anayejigamba kila mara kuwa hajawahi kuchelewa maishani mwake, na ambaye mwandishi anamfanyia mzaha mara tatu au nne kwa jinsi anavyotazama saa yake hata anapokula. Tunacheka na kumweka katika kundi la watu wenye vituko. Inapofika sura ya ishirini na kufichuliwa kwamba siku ya mauaji alifika dakika kumi baada ya wengine, na kwamba tuliambiwa hivyo ndani ya sentensi ya utani ambamo saa yake ilisingiziwa kuwa ndiyo mbovu, tunapigwa na butwaa. Kila kitu kilikuwa mbele yetu na kicheko chetu wenyewe ndicho kilichokifunika. Sijui raha nyingine ya usomaji inayolingana na hii, na ndiyo maana msomaji anayesema kwamba vichekesho vilimchelewesha kufika kwenye kisa hunifanya nitake kumwomba arudie kusoma, endapo riwaya yenyewe inastahili. Kama haistahili, yaani kama vichekesho ni vya kujazia kurasa na vinaweza kuondolewa bila fumbo kutikisika, basi lawama yake ni ya haki na ningeitia saini.

Kipimo hikihiki ndicho ninachokitumia kwa lawama nyingine inayorudiwarudiwa, kwamba wahusika wametiwa chumvi mno na hawafanani na watu. Wahakiki wetu huwaita wahusika bapa, wale wenye tabia moja isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na neno hilo limekuwa kama hukumu. Mimi sioni ubapa kuwa kasoro katika riwaya hizi. Fumbo linahitaji watu wanaotambulika upesi, hasa washukiwa wanapokuwa wanane, na tabia iliyotiwa chumvi humsaidia msomaji kuwakumbuka. Kasoro hujitokeza pale kituko kinapokuwa pambo. Mwanamke anayehesabu kila kitu nyumbani mwake ni kichekesho cha sekunde moja. Akiwa ndiye pekee aliyegundua kwamba kimepungua kijiko kimoja, amekuwa mhusika. Lakini akihesabu tu, sura baada ya sura, bila hesabu zake kuzaa lolote, msomaji anayechoka naye hana kosa.

Wasomaji wengi hudhani kwamba ucheshi uliingia baadaye katika utanzu uliokuwa na uso mkavu tangu mwanzo. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Klabu ya waandishi wa riwaya za upelelezi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1930, iliyoitwa Detection Club, ilimchagua G. K. Chesterton kuwa rais wake wa kwanza, mwandishi ambaye mhusika wake, padri mpelelezi aitwaye Father Brown, alikuwa ameanza kutatua mafumbo miaka ishirini kabla kwa hekima iliyojaa kinaya. Zile kanuni kumi za riwaya ya upelelezi zinazonukuliwa hadi leo kana kwamba ni sheria ziliandikwa na Ronald Knox mwaka 1929, na Knox, ambaye naye alikuwa padri, alikuwa pia mcheshi aliyewahi kuwatia hofu wasikilizaji wa BBC mwaka 1926 kwa kipindi cha redio cha utani kuhusu ghasia jijini London ambacho baadhi yao walikiamini. Kanuni yake inayoruhusu chumba au njia ya siri isiyozidi moja ni kanuni yenye maana, lakini imeandikwa na mtu anayetabasamu.

Kanuni ya tisa ya Knox inanivutia zaidi. Inasema kwamba rafiki mjinga wa mpelelezi asifiche mawazo yanayopita kichwani mwake, na kwamba akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya ile ya msomaji wa kawaida. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa anamkumbuka Najum akiwa pembeni mwa Bwana Msa na kiko chake katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Mashaka ya Najum na makisio yake yasiyofika mbali hutupa nafasi ya kutabasamu, na wakati huohuo hutufanya tujione tuna akili kuliko yeye, jambo ambalo ni hatari kwetu, kwa sababu anayejiona ana akili huacha kutazama. Huo ni ucheshi ulio na kazi.

Kuna kundi jingine la maoni ambalo kwa maoni yangu halitokani na ubora wa riwaya bali na matarajio. Si kila riwaya ya uhalifu yenye vichekesho ni fumbo la nani kaua. Nyingine zinahusu wahalifu wenyewe, mara nyingi wezi, na swali lake ni kama mpango wao utafanikiwa. Donald E. Westlake, ambaye kwa jina la Richard Stark aliandika riwaya kali za mwizi asiyetabasamu aitwaye Parker, alianza kuandika kisa kimoja ambamo Parker angelazimika kuiba kitu kilekile tena na tena. Akaona kwamba kisa kinageuka kichekesho kila anapokigusa, na kwamba Parker hangevumilia hali hiyo. Kwa hiyo akaumba mtu mwingine, Dortmunder, mpangaji hodari anayeandamwa na bahati mbaya, na The Hot Rock ikatoka mwaka 1970. Mfano huu unaonyesha vizuri kuliko nadharia yoyote kwamba ucheshi unaweza kuwa tabia ya kisa chenyewe. Mwandishi hakuamua kuongeza vichekesho; kisa kilivileta na kumlazimisha abadilishe mhusika.

Msomaji anayefika kwenye riwaya ya namna hiyo akitafuta vidokezo na mshukiwa asiyetarajiwa atasema haina taharuki, na atakuwa amesema kweli kuhusu alichokitafuta na si kuhusu alichokisoma. Vivyo hivyo kwa The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, iliyotoka mwaka 1998 na kumtambulisha Precious Ramotswe wa Botswana. Wapo wanaolalamika kwamba uhalifu ndani yake ni mdogo mno. Ni mdogo, ndiyo, na mwandishi hakuwahi kuahidi mkubwa.

Ipo lawama moja ambayo naiunga mkono bila kusita, na ambayo nasikitika kwamba haitolewi mara nyingi inavyostahili. Ni swali la nani anachekwa. Katika riwaya nyingi za zamani, na baadhi ya zinazoandikwa sasa, kicheko kinawaangukia mtumishi wa ndani, mgeni mwenye lafudhi, mwanamke mnene, au mtu asiyekwenda shule, huku waungwana wenye nyumba wakichunguzwa kwa adabu. Mbali na uonevu ulio wazi, mtindo huu huua fumbo pia. Msomaji aliyezoea hujua upesi kwamba yule anayechekwa hawezi kuwa muuaji, kwa sababu mwandishi hamheshimu kiasi cha kumpa akili ya kuua. Riwaya inayocheka wenye madaraka, inayomcheka mkaguzi mwenye cheo na mrithi mwenye kiburi, humwacha kila mtu katika orodha ya washukiwa.

Sura ya mwisho nayo huwagawanya watu, na hapa nawaelewa wote. Baadhi ya waandishi, baada ya kutuchekesha kwa kurasa mia tatu, hubadilika ghafla muuaji anapofichuliwa, wakatuletea hotuba nzito kuhusu haki. Wengine huendelea na mzaha hata pingu zinapofungwa. Njia ya kwanza humfanya msomaji ajihisi amekemewa kwa kicheko ambacho alikaribishwa kukitoa; ya pili humfanya ajiulize kama kulikuwa na jambo lolote la kweli. Walio hodari huuacha ucheshi upungue taratibu kabla ya ufichuzi, kwa sura mbili au tatu, bila kutangaza, mpaka msomaji atambue kwamba hajacheka kwa muda na kwamba anaogopa. Nikisikia msomaji akisema kwamba mwisho ulimshtua lakini haukumwonea, najua nitaisoma.

Hivyo, ninapoyapima maoni ya wengine huyagawa sehemu mbili zisizo na nguvu sawa. Msomaji anaposema hakucheka, ametoa ushahidi kuhusu nafsi yake, na ushahidi huo haupingiki. Hakuna anayeweza kubishana na mtu mpaka acheke. Anaposema fumbo halikuwa la haki, ametoa hoja, na hoja inaweza kukaguliwa kwa kurudi kwenye kurasa. Tatizo ni kwamba watu huchanganya hizi mbili: asiyecheka huanza kutafuta matundu katika fumbo ili kuhalalisha kuchoka kwake, na aliyecheka sana hukataa kuyaona matundu yaliyopo. Mtu anayeniambia kwamba kisa kina pengo kubwa na bado alicheka hadi mwisho, au kwamba fumbo limesukwa vizuri ajabu ingawa hakuna utani hata mmoja uliomgusa, huyo namwamini, na nikikubali au nikikataa kununua kitabu kwa neno lake huwa sijutii.

Nikiulizwa na aliyeanza kusoma kama aendelee au aache, humwambia avumilie mpaka mahojiano ya kwanza ya washukiwa. Hapo mwandishi hawezi kujificha. Washukiwa wote wamekusanyika, kila mmoja ana la kuficha, na kila mmoja anapewa kituko chake. Ukikuta utani unaokuambia kitu kuhusu anayezungumza, hata kama bado hujui kitakufaa wapi, endelea na uwe mwangalifu kila unapocheka. Ukikuta utani ambao ungeweza kuwekwa kinywani mwa yeyote kati yao bila kubadilisha lolote, funga kitabu na utafute kingine.